Upindo wa Gauni la Kipaimara

Sisi tuliokulia Iringa kabla simu hazijaanza kuuza nguo tunajua kwamba nguo ilikuwa na foleni. Unaivaa zamu yako ikifika, na ukiichana utamjibu anayekufuata. Sweta likibana lilifumuliwa, uzi ukazungushwa kwenye miguu ya stuli, ukaoshwa ili unyooke, na baridi ya Juni ilipokaribia mama alishakaa jikoni anafuma upya. Tumboni chungwa, mikononi kijani. Tulikwenda shule tumefanana na kasuku. Kaptura za wavulana zilitiwa viraka viwili nyuma, nasi tukawaambia wana macho ya kuchungulia wanaowafuata. Na ikitokea umenunuliwa nguo mpya, basi ilikuwa kubwa mpaka mikono inafunika vidole. Ukilalamika, mama alikuwa na neno moja tu: "Utaikulia."

Sasa majuzi binti yangu Neema, anayesoma chuo hapa Mbeya, amerudi nyumbani Ilomba na somo.

"Mama, dunia inachafuka kwa nguo. Siku hizi tunahamasishana, nguo moja ivaliwe na watu wengi, na ikichakaa irekebishwe, isitupwe."

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza bibi kutumia simu. Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikamuuliza jambo hilo limeanza lini. Akasema ni harakati mpya kabisa. Nilicheka hadi nikashika mlango, maana harakati hiyo mpya mimi niliipinga nikiwa na miaka kumi na minne.

Mimi ni binti wa tatu. Gauni jeupe la kipaimara lilianza kwa dada Tumaini, likaja kwa dada Rehema, halafu likakaa sandukuni linanisubiri. Sikulitaka. Nilimlilia mama kwamba tangu nizaliwe sijavaa nguo isiyojua jasho la mtu mwingine, na siku ya kusimama mbele ya kanisa zima nataka gauni langu mwenyewe. Mama alinitazama, akasema, "Haya. Likikukataa, tutashona jingine."

Nikaona njia. Nikaanza kula. Ugali, maharage, makande ya jana, viazi vya kuchoma, hata ukoko wa sufuria niliokuwa nawaachia wengine. Mama akafurahi, akawatangazia majirani kwamba mtoto amepata afya. Wiki ya kipaimara ilipofika nikalijaribu gauni, nalo likagoma mgongoni na kuishia juu ya magoti. Nilijitahidi kuonekana nimesikitika.

Mama hakubishana. Aliligeuza gauni ndani nje, akachukua wembe, akaanza kufumua upindo. Kitambaa kikashuka. Akafumua mkunjo wa pili, kikashuka tena. Ubavuni nako alikuwa ameficha kitambaa cha kutosha. Hapo nililia kweli, nikamuuliza kwa nini aliweka upindo mkubwa kiasi kile.

"Nilipokuwa namshonea Tumaini, wewe nilikuwa nimekubeba mgongoni," alisema, wembe bado mkononi. "Nikajua utakuwa mrefu. Miguu hiyo ni ya baba yako."

Kanisani kila mtu aliona. Sehemu zilizokuwa zimekunjwa zilikuwa nyeupe kuliko gauni lenyewe, kwa hiyo sketi ilikuwa na mistari, na akina mama waliisoma bila shida, wakamsalimu mama kwa Kihehe. "Kamwene, Mama Tumaini! Huyo ni wa tatu, hongera." Nilikwenda mbele sijui nicheke au nilie. Kumbe gauni nililolikataa kwa kuwa si langu lilikatwa mimi nikiwa nimeshahesabiwa. Sijawahi tena kuvaa nguo iliyonipenda namna ile.

Juzi nimempeleka Neema duka moja mtaa wa Soweto, hapa hapa Mbeya, kutafuta gauni la mahafali. Mhamasishaji wetu alichagua jipya, la kubana, linalong'aa. Mimi mikono ikaenda yenyewe, nikaligeuza ndani nje. Mshono mwembamba, upindo haushikiki hata kwa kucha.

"Mama, unatafuta nini humo ndani?" muuzaji akauliza.

"Natafuta nafasi ya mdogo wake. Yuko darasa la tano."

Kijana wa watu akacheka. "Sasa mama, huyo si utamnunulia lake?"

Nililigeuza gauni nikalilipia, nikamkumbuka marehemu mama hadi machozi yakanilenga pale pale, na Neema akaninong'oneza nisilie, bei yenyewe ni ya punguzo.