Anachora Mikoko Ambayo Hajawahi Kuigusa

Saa moja asubuhi ukungu bado umelala juu ya mihogo ya kijiji cha Heru Juu, na Immakulata Havyarimana tayari yuko baharini.

Amekaa kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule mjini Kasulu, viatu vikiwa bado na udongo mwekundu wa njiani. Mbele yake, kwenye kompyuta, kuna picha ya pwani iliyopigwa na setilaiti. Maji ni meusi, mchanga mweupe, na mikoko ina wekundu ulioiva, rangi ambayo mitambo huyapa majani mabichi. Anaizungushia mstari taratibu, kijito kwa kijito, kama anayepapasa uso wa mtoto aliyelala.

"Nikiangalia sana, nasikia maji yanaingia," anasema. "Halafu pikipiki inapita hapo nje, nakumbuka niko Kasulu."

Ana miaka 31. Wazazi wake walikimbia Burundi; yeye alizaliwa hapa, ni raia, na hajawahi kuiona bahari. Alipata cheti cha upimaji ardhi, kisha akalima maharage na mama yake kwa miaka minne, mpaka watafiti wa mikoko wa Dar es Salaam walipompa mkataba wa miezi sita. Kila wiki huchora picha arobaini.

Mwaka jana nusura kibarua kiote nyasi.

Ilikuwa picha ya mdomo wa mto mmoja wa kusini. Zamani, ulimi wa mchanga ulikuwa mfupi na mikoko imejaa nyuma yake. Katika picha mpya ulimi umerefuka, umeziba mlango wa maji, na mikoko ya ndani imekauka. Lakini upande wa pili, ambako mto sasa unapita polepole, Immakulata aliona wekundu hafifu. Akauchora.

Msimamizi wake, Salumu, aliirudisha kazi mara mbili. Mara ya tatu akapiga simu.

"Dada Imma, hapo ni mchanga mtupu. Futa. Ukiendelea hivi, mkataba ukiisha sitaweza kukutetea."

"Kaka Salumu, sio mchanga. Ni tope jipya. Mto ukichoka, unatua mzigo."

"Umejuaje, na bahari hujaiona?"

"Nimelima mlimani. Kila masika udongo wetu unashuka, na najua unapokwenda kukaa."

Hakufuta. Wiki tano alikwenda kazini bila kujua kama mkataba utaongezwa. Jumamosi moja mama yake, Niyomwungere, alimkuta shambani ameegemea jembe, anatazama mfereji uliochimbwa na mvua.

"Mwana wanje, mwanangu, watakufukuza kwa ajili ya miti usiyoijua?"

"Naijua, mama."

Ndipo watafiti wakafika kwa boti kule kwenye mdomo wa mto. Salumu akamtumia picha kwenye simu: mamia ya miche ya mikoko, imefika magotini, imesimama kwenye tope. Chini yake ameandika, "Nisamehe, dada. Uliona vizuri." Immakulata aliitazama mpaka chaji ikaisha.

Mkataba wake umeongezwa mwaka mzima, na Desemba amealikwa pwani. Atapanda basi na mama yake, ambaye ameanza kuuliza watu huvaa nini kwenda baharini.

"Miche ile itakuwa imefika kiunoni," anasema Immakulata, kidole kikiwa kwenye kioo cha kompyuta. "Nitasimama katikati yake, niangalie juu. Setilaiti ikipita, na mimi niwemo kwenye picha."