Masaa ya Kwenda, Masaa ya Kurudi

Wateja walimwita Mama Masafa, na jina halikumkera. Wapo waliopachikwa mabaya zaidi. Aliuza tiketi za ndege miaka nenda miaka rudi, katika ofisi yenye feni iliyozunguka ilipojisikia, na yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege hata moja. Ukimtajia viwanja viwili, alikupa umbali kabla hujamaliza kukohoa. Ukimuuliza muda, naye alikuuliza: "Wa kwenda au wa kurudi?" Huko juu, alieleza, upepo huvuma upande mmoja. "Ni kama mama mkwe. Ukienda zako anakusukuma, ukirudi anakufungia mlango."

Mganga hajigangi. Asubuhi daktari alipomwambia kuwa baba yake, dereva wa treni mstaafu, huenda asiimalize siku, aliingia wodini akamkuta mzee macho makavu, akili timamu.

"Kitindamimba wangu yuko wapi?"

"Ndege yake ndiyo inapaa, baba. Katuma ujumbe sasa hivi."

"Ni mbali?"

"Kilomita elfu nane."

"Masaa mangapi?"

"Tisa," alijibu upesi, kama mtu anayempa mtoto peremende anyamaze.

Mzee aliiangalia saa ya ukutani. "Tisa nitayaweza," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekubali mzigo.

Binti alikuwa kwenye ngazi, akienda kununua maji, alipokumbuka. Tisa ni ya kwenda. Mdogo wake alikuwa anarudi. Ni kumi na moja.

Alirudi mbio akitaka kusahihisha. Muuguzi, alipomsikia anataka kuongeza mawili, akamshika mkono mlangoni.

"Mwache, dada. Keshajipangia saa. Nimewaona wengi, wakishapanga, hawaongezi."

Akaketi. Nje jua lilisogea juu ya mabati ya jengo la jirani bila haraka yoyote, na mzee hakusinzia. Alasiri aliomba anyolewe ndevu.

"Mzee, unaoa?" muuguzi akamtania, wembe mkononi.

"Ningekuoa wewe, ila huna subira."

Walicheka wawili. Binti hakucheka. Kadiri baba alivyozidi kutakata ndivyo alivyozidi kufanana na mtu aliyefunga mizigo.

Masaa tisa yalipotimia, mzee alinyoosha shuka kifuani kwa viganja vyote viwili. "Ametua?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: ametua, yuko kwenye foleni ya pasipoti. Ila huyu aliishi kwa ratiba, angeihesabu hata foleni.

"Bado, baba. Nilikupa masaa ya kwenda. Yamebaki mawili."

Mzee akamtazama kama dereva amtazamavyo mkuu wa stesheni aliyempeperushia bendera ya treni nyingine. Hasira haikuwamo. Ilikuwamo hesabu tu.

"Mawili," akarudia. Kisha: "Mwanangu, usimwambie kwamba ulikosea. Atakusema mpaka uzeeni."

Akafumba macho. Muuguzi alikuja, akashika kifundo cha mkono, akakishika tena, akavuta pazia taratibu.

Simu ililia jioni. Nyuma ya sauti ya mdogo wake zilisikika kelele za watu wakishusha mabegi.

"Dada, tumetua! Mwambie mzee natoka mbio, nachukua teksi!"

Alipangusa uso kwa ncha ya mtandio.

"Usikimbie, mdogo wangu," akasema. "Njoo polepole tu."