Aliyekuja Kutengeneza Sauti ya Mama

Sikuombi uniamini. Wawili waliokuwa na haki ya kunikatalia, mke wangu Rukia na dada yangu Maryamu, walisikia kwa masikio yao wenyewe, mmoja akiwa chumba cha pili na mwengine akiwa Wete, Pemba, kwenye simu. Kwa hiyo ukitaka kusema nilichoka au niliota, sema, lakini itabidi utueleze vipi watu watatu waliota ndoto moja mchana kweupe, siku ya Jumamosi, Stratford, London, kwenye fleti ya ghorofa ya nne yenye lifti mbovu.

Nianze na kompyuta, maana ndiyo iliyonitia wazimu kabla ya hayo mengine.

Ilikuwa ya zamani, sanduku zito la rangi ya maziwa yaliyochacha, limekaa pembeni mwa sebule na kelele zake za feni kama mtu mwenye pumu. Humo ndani nilihifadhi sauti ya mama. Mama hakupenda barua, kwa sababu barua ilikuwa lazima amwite mtu amwandikie, na mama hakutaka mtu ajue mambo yake. Alikuwa akinitumia kanda za kaseti. Kanda ya mwisho aliijaza peke yake chumbani, muda mfupi kabla hajafariki: ananisalimia, ananigombeza kwa kutokuvaa sweta, halafu anawaombea dua watoto wake mmoja mmoja kwa jina. Niliihamishia kwenye kompyuta, na nilifanya la maana, kwani baadaye redio yangu iliitafuna ile kanda ikatoka kama tambi.

Maryamu, ambaye ndiye mkubwa wetu na ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho, hajawahi kuisikia. Kila mara tulisema tutafanya, hatukufanya. Sasa na yeye anaumwa, na madaktari wamemwambia Jumatatu watampasua. Akanipigia simu analia. "Nataka nimsikie mama kabla sijaingia kwenye kisu," akasema. "Niwekee spika kwenye simu, nisikie anavyoniombea. Basi, sitaki kingine."

Ombi dogo hilo, au sivyo? Kubonyeza tu.

Lakini wiki ile ile, mwenzangu mmoja pale dukani, tulikokuwa tukiuza viatu, alikuwa amenishawishi niibadilishe kompyuta mfumo. Ati huu wa zamani umepitwa, ati mpya una kasi. Akaniazima sahani yake, CD yenye mfumo huo. Nikaitia, nikakaa naangalia kale kamstari ka kijani kakitambaa mpaka chai ikapoa. Kalipomalizika, skrini ilipendeza kama bibi harusi. Nikabonyeza sauti ya mama.

Kimya.

Muda wa kanda unakwenda, naona sekunde zinasogea, mstari unasogea, hapana sauti. Nikapandisha sauti mpaka juu. Kimya. Nikachomoa spika, nikachomeka, nikabadilisha waya, nikaazima spika za jirani. Kimya. Pale pembeni kwenye kile kipicha cha spika kuna alama nyekundu ya kukata, nikiibonyeza inaniambia hakuna kifaa cha sauti. Vipi hakuna? Jana kilikuwapo! Kimekwenda wapi, kimehama nyumba?

Nikapiga simu ya msaada. Wakaniweka kusubiri, na huku nasubiri wananipigia muziki, muziki safi kabisa, kila ala unaisikia, kana kwamba wananikejeli. Mwisho akaja kijana akaniuliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha. Nilipomwambia nimeizima na kuiwasha mpaka kidole kimeota sugu, akasema tatizo ni dreva. Dreva gani tena? Akanieleza kuwa mashine kongwe kama yangu, mfumo mpya hauitambui kadi yake ya sauti, inahitaji kijiprogramu cha kuiendesha, na kwa kadi yangu kijiprogramu hicho hakipo. Akanishauri ninunue kompyuta mpya. Nikamshukuru, nikakata simu, nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa.

Na Maryamu kila siku: "Tayari?" Bado, dada. "Leo tayari?" Bado. Mwisho alikuwa haniulizi tena, anasalimia tu ananyamaza, na huko kunyamaza kuliniumiza kuliko maswali.

Ndipo nilipomkumbuka Bwana Jivan. Huyu ni Mhindi wa Unguja, ana duka la viungo karibu na stesheni ya Rayners Lane, na ukiingia dukani kwake anakusemesha Kiswahili cha Forodhani mpaka unasahau ulichofuata. Nikampigia. "Usihangaike," akaniambia, "Jumamosi asubuhi nakuletea mtoto wa ndugu yangu, Nitin. Kompyuta anazifungua kama anamenya chungwa."

Jumamosi ikafika. Watoto wako madrasa. Rukia, anayefanya kazi kwenye nyumba ya wazee, ametoka zamu ya usiku, kapiga pasi sare yake hapo sebuleni, kaingia chumbani kulala. Mimi nimekaa mkabala na kompyuta namsubiri Nitin. Asubuhi ikapita. Nikaswali adhuhuri. Hakuna Nitin. Nikapiga dukani, simu haipokelewi. Unajua ile hasira ambayo huna wa kumwagia? Nilikuwa nayo imenijaa mpaka kooni.

Mlango ukagongwa.

Nikaufungua kwa nguvu. Amesimama mzee mmoja mwembamba, koti la baridi refu jeusi, kofia ya kiua kichwani, mikononi hana kitu. Si Mhindi, lakini nikajua Jivan kaniletea mwengine. Sikumuuliza jina. Nilichomwambia, Mungu anisamehe, ni: "Umechelewa sana."

"Kweli," akasema. "Nimechelewa."

"Na vyombo vyako viko wapi?"

Alikuwa akinitazama usoni vile mtu anavyotazama picha akitafuta nani kafanana na nani. Halafu akaingia. Jambo moja nililiona na sikulipa uzito: alikuwa amepanda ngazi za ghorofa nne na pumzi yake imetulia kama ya mtu aliyekuwa amekaa.

Nikamwonesha mashine. Nikaanza kumhesabia yote niliyoyafanya: waya, spika, simu ya msaada, dreva. Akanisikiliza kwa adabu. Hakugusa kibodi. Akaweka kiganja juu ya sanduku, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa, akainamisha sikio. Skrini ilikuwa nyeusi tii. Nikasema, "Sasa na picha nayo umeizima?"

"Mpigie dada yako," akasema.

Nikashtuka kidogo. Nani kamwambia habari za dada? Nikajijibu mwenyewe: Jivan, mdomo wake hauna mlango. Nikakwangua kadi ya simu, nikabonyeza zile tarakimu zisizokwisha, Maryamu akapokea. "Subiri kidogo," nikamwambia, "fundi yupo, anajaribu." Nikaelekeza kipokeo cha simu kwenye spika.

Na sauti ya mama ikatoka.

Ilitoka safi kuliko nilivyowahi kuisikia, bila ule mkwaruzo wa kanda. Salamu zake. Sweta. Nilikuwa naijua neno kwa neno, najua mpaka pale anapokohoa kabla ya kuanza dua ya Maryamu. Nikafumba macho kwa raha. Akafika pale. Akakohoa. Halafu hakuendelea.

"Nani yuko hapo?" mama akauliza.

Nikafumbua macho. Naapa, hilo halikuwamo kwenye kanda. Halikuwamo kabisa.

Mzee alikuwa ameinama, kiganja bado kiko juu ya sanduku. "Ni mie, dada," akasema. "Hamadi."

"Hamadi! Wewe! Ulikuwa wapi muda wote huu?"

"Huku huku, kwenye baridi."

"Umekula?"

"Nimekula, dada."

"Mwongo," mama akasema, akacheka. Kicheko kile cha kujiziba mdomo kwa kanga, ambacho mara ya mwisho nilikisikia nikiwa kijana, kabla sijaondoka nyumbani. Nilitaka kuuliza, nilitaka kupiga kelele, na cha ajabu ni kuwa hasira bado ilikuwamo ndani yangu, nikafikiri: huyu mtu ananifanyia mchezo gani, na sauti ya mama yangu?

Mama akarudi kwenye dua. Akamwombea Maryamu kama ilivyo kwenye kanda, lakini mwisho akaongeza: "Na asiogope. Hamadi, mwambieni asiogope."

Kwenye simu Maryamu alikuwa anapiga mayowe. Nikaweka sikio. "Nani huyo anayezungumza na mama?" anauliza. "Nani huyo?"

"Fundi," nikasema.

"Fundi nini! Huyo ni mjomba Hamadi! Mie nilikuwa nakaa juu ya meza yake ya redio, naijua sauti yake hata nikiwa kaburini!"

Mjomba Hamadi nilikuwa namjua kwa jina tu. Ndugu wa mama, fundi wa redio pale Wete, aliyeondoka baada ya mapinduzi bila kuaga, mimi sijazaliwa. Ilikuja barua moja kutoka London, halafu basi. Mama aliuliza habari zake kwa kila msafiri mpaka watu wakawa wanamkwepa.

Nikageuka. Yuko mlangoni, anafunga vifungo vya koti.

"Mjomba?" nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Kamalize na dada yako," akasema. "Kadi yako inakwisha."

Na kweli, hapo hapo simu ikaanza kulia vile inavyolia dakika zikimalizika, nikageuka kumwambia Maryamu maneno mawili, nikageuka tena, mlango umefungwa. Nikatoka mbio bila viatu. Jengo letu lina ngazi moja tu. Nikateremka mpaka katikati nikakutana na kijana wa Kihindi na mkoba wake wa vyombo, ameegemea ukuta anatweta. Ndiye Nitin. Anaomba radhi, treni zimesimamishwa tangu asubuhi. "Umepishana na mzee mwenye koti jeusi?" nikamuuliza. Akasema tangu mlango wa chini hajapishana na mtu.

Tuliporudi juu, Rukia amesimama katikati ya sebule, macho mekundu kwa usingizi. "Mama alikuwa anacheka na nani?" akaniuliza. Kisha akaitazama kompyuta, akainama chini ya meza, akainuka na plagi mkononi. "Mie nilichomoa hii asubuhi nichomeke pasi," akasema. "Sikuirudisha."

Nitin akaichomeka, akaiwasha. Alama nyekundu ipo pale pale. Hakuna sauti. Akafungua sanduku, akaitoa kadi ya sauti akatuonesha: imeungua, ina doa jeusi. Akasema haikuwa na uwezo wa kutoa hata mlio wa nzi.

Maryamu akapasuliwa Jumatatu. Manesi walimshangaa, wanasema aliingia ndani anatabasamu. Alipona, na mpaka leo yu hai, na akianza kukisimulia kisa hiki kule Wete hakuna anayethubutu kumkatiza.

Mimi huku nilianza kuuliza. Wazee wa Kipemba wa East Ham wakaniangalia kwa mashaka, mpaka nikampata mmoja aliyekumbuka. Alisema Hamadi fundi redio alikuwa mtu wa kimya, anaishi chumba cha kupanga peke yake, aliona haya kuandika nyumbani kwa kuwa hakufanikiwa kama alivyotarajia, na kadiri miaka ilivyopita haya ikazidi. Alifariki miaka mingi kabla mimi sijatia mguu nchi hii. Watu wachache walimzika. Mzee yule alinipeleka makaburini, tukatembea kwenye matope na mvua mpaka akaonesha mahali pasipo na hata kibao. Tumekiweka sasa. Tukamsomea hitma, na Rukia alipika pilau ya watu wengi kuliko waliokuja.

Nitin alitia kadi nyingine, na sauti ya mama ikarudi. Ile ya zamani, na mkwaruzo wake. Nimeisikiliza mpaka nimechoka. Mama anakohoa, anaendelea na dua, hapana Hamadi, hapana kicheko. Kila akikohoa natega sikio. Rukia hawezi, akisikia naiwasha anatoka nje.

Watu wananiuliza kama niliogopa. Sikuogopa. Kinachonikera, na kitanikera mpaka niende kaburini, ni kuwa ndugu wa mama yangu aliingia kwangu mara moja tu, nami nikampokea kwa kumgombeza, nikamsimamisha muda wote kama fundi wa bomba, sikumpa hata maji.

Kwa hiyo nakuonya. Sauti za watu wako zihifadhi zaidi ya mahali pamoja, na usiziguse mashine zako kwa kuwa mwenzio kasema kuna kipya. Na siku ambayo kila kitu kimeharibika, umenuna, umechoka kusubiri, mlango ukagongwa na akasimama mtu usiyemjua, usianze na kilichoharibika. Mpe kiti. Muulize ni nani na mtoto wa nani. Mashine itasubiri.