Msimuliaji Aliyezama Luapula

Mwaka 1948, katika kambi moja ya wafanyakazi wa shaba mjini Élisabethville, Kongo, Mwaba aliandika hadithi katika daftari kwa ajili ya darasa la jioni. Ilianza hivi: «Mimi niliiba shaba.» Kapita, msimamizi wa wafanyakazi, akaisoma, akaipeleka kwa bwana wa kambi, Mzungu. Mwaba akafungwa mikono, akingoja viboko na kufukuzwa kambini pamoja na watoto wake.

Mwalimu wake, Mulenga, aliitwa. Aliyemtetea mwizi angeweza kuchapwa pamoja naye. Lakini kunyamaza kungekuwa kukubali uongo.

«Bwana,» alisema, «huyu “mimi” hapana Mwaba. Ni msimuliaji, mutu wa kubuniwa. Mwaba ni mwandishi tu.»

«Huyo msimuliaji iko wapi basi? Mulete, tumufunge!» kapita alicheka.

Bwana hakucheka. Mulenga alifungua ukurasa wa mwisho, akasoma: «Nilizama katika mto Luapula na shaba yangu. Wavuvi wa Kasenga wakanizika.»

«Msimuliaji walimuzika, Bwana. Mwaba iko hapa, anatetemeka.»

Bwana akaamuru Mwaba afunguliwe. Daftari akalichoma.

Juma lililofuata Mwaba alileta hadithi ya sungura, isiyo na «mimi» ndani yake. Mulenga hakumlaumu. Yeye mwenyewe bado aliogopa kuitwa tena kwa bwana.