Wasifu wa Baba na Faili za Muda

Kuna Alhamisi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo sijaielewa vizuri, na nimezeeka nayo. Umeniambia asubuhi hii kwamba kompyuta yako imejaa, inakwenda polepole, na kwamba ukimaliza chai utaingia humo ndani ufute faili zote za muda kwa mara moja. Chai yako bado ni moto. Kaa kwanza nikusimulie, halafu ukafute.

Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Nilikuwa nimeolewa hapa Kitale, na katika ukoo wetu wote ni mimi tu niliyekuwa na kompyuta nyumbani. Usifikirie kitu chembamba kama hicho chako. Ilikuwa na kichwa kikubwa kama televisheni ya zamani, ilikaa sebuleni, na nikishaizima niliifunika kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi. Nilijua kuiwasha, kuandika, kuhifadhi na kuizima. Yaliyobaki sikuyajua, ila nilijifanya nayajua, maana watu wakija walisimama nyuma yangu wakinitazama nikiandika, na mtu akitazamwa hivyo huona aibu kusema hajui.

Ndipo baba akafariki. Alikuwa mkulima wa miwa kule Kabuchai, upande wa Bungoma, na alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye aliyekuwa mke wa kwanza. Wa pili tulimwita Mama mdogo. Yeye alitoka Cheptais, kule mlimani. Kibukusu chetu hakikuwahi kumkaa mdomoni, na Kisabaoti chake sisi hatukukijua, kwa hiyo yeye na mama yangu waliongea Kiswahili miaka yote. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kuombana chumvi na kuulizana kama ng'ombe wamekunywa maji. Hawakugombana, na hawakupatana pia. Nyumba za namna hiyo unazijua.

Kaka yangu Wafula alifanya kazi Nairobi. Yeye ndiye aliyeandika wasifu wa baba, ule wa kusomwa siku ya mazishi, Jumamosi, akanitumia kwa barua pepe. Nikaufungua papo hapo, ndani ya barua yenyewe. Sisi watoto wa mama yangu tulitajwa wote, mmoja mmoja, na waume zetu na wake zetu na kazi zetu. Nyumba ya Mama mdogo ikapewa maneno matatu tu: "na watoto wengine". Wafula hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na haraka, na mimi nimeona haraka ikiumiza watu vilevile.

Wewe umekulia mjini, labda hujaona. Mazishi ya kwetu yanaweza kusimama kwa sababu ya jina moja. Mtu wa nyumba iliyorukwa atanyanyuka, atachukua maikrofoni, na jeneza litakaa pale juani watu wakibishana nani ni mtoto wa nani. Nilipomsomea mama yangu kwa simu, aliliona hilo likija. Akamwita Mama mdogo, wakaja wote wawili Kitale siku ya Jumanne, wakaketi huku na huku yangu mbele ya ile kompyuta, tukaanza kurekebisha. Simiyu na mke wake. Nanjala na mume wake. Nafula, ambaye bado alikuwa shuleni.

Nilipodhani tumemaliza, Mama mdogo akasema, "Iko mwingine."

Alikuwa Barasa, mtoto wake aliyefariki kabla hajaanza kutambaa. Sisi wengine tulikuwa tumemsahau kabisa, na wengine hawakuwahi kumjua.

"Nataka asomwe," akasema. "Hata kama ni jina tu."

Mama yangu aliinama kutazama kioo kwa karibu. Kisha akasema, "Muandike. Alikuwa wa mzee."

Nikamwandika. Nilihifadhi baada ya kila jina, mwanangu, hilo nakuapia. Mashine haikulalamika hata mara moja. Nikawasomea yote kuanzia mwanzo, Mama mdogo akajipangusa uso kwa leso, nikafunga. Mama akarudi Kabuchai kupokea waombolezaji, Mama mdogo akabaki kwangu ili abebe vijitabu vya wasifu vikishachapishwa.

Sasa Alhamisi. Watu wa kuchapisha walitaka kazi ifike kwao kabla ya jioni, na ilibaki kuweka picha. Nikaufungua wasifu kutoka kwenye yale majina ya kazi za karibuni ambayo mashine hukumbuka, nikaingiza picha mbili, ya tatu mashine ikakataa. Ikaandika kwamba imejaa. Jirani yangu mmoja alikuwa amewahi kuniambia, "Ikijaa, ingia ile folda ya faili za muda ufute kila kitu, hizo ni takataka tu." Nikaufunga wasifu, nikaingia. Nikakuta majina marefu yasiyo na maana, alama na namba na herufi zilizopangwa kama mtu aliyeandika akiwa na homa. Sikuelewa hata moja. Kwa kuwa sikuelewa hata moja, nikaona basi kweli ni takataka.

Nikazichagua zote nikafuta, tena kwa ile njia ya kubonyeza vitufe viwili zisipitie kwenye pipa la taka la kompyuta, nikijua pipa nalo lingejaa. Chache zikakataa kutoka. Mashine ikasema zinatumika. "Zinatumika na nani," nikaiuliza kwa sauti, "na mimi niko peke yangu kwenye hii mashine?" Hata hivyo nafasi ilipatikana, nami nikajisikia vizuri kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja mzima kabla wageni hawajafika.

Nikarudi kwenye ile barua ya Wafula, nikafungua wasifu niweke picha ya tatu. Ukafunguka vizuri. Nikasoma: "na watoto wengine".

Nikasoma tena. Nikafunga, nikafungua. Simiyu hayuko, Nanjala hayuko, Barasa hayuko. Nikatafuta katika yale majina ya kazi za karibuni, nikauona wasifu hapo, nikabofya, ikaniambia hakuna kitu kama hicho. Nikasema, si jina lake ndilo hili, wewe mwenyewe umelionyesha! Nikarudi katika ile folda niliyofagia, nikakuta faili mpya zimeingia humo. Nimefuta sasa hivi, nimezitazama zikitoka, na nyumbani hakuna mtu aliyegusa. Nikaangalia nyuma ya mashine. Sijui nilitarajia kuona nini huko.

Nikampigia Wafula.

"Sasa, Nekesa."

"Wewe umeingia kwa kompyuta yangu?"

"Niingieje nikiwa Nairobi, bana?"

"Maneno yamerudi ya kwanza. Yale tulibadilisha hayako."

"Si mlisevu?"

"Tulisevu! Kila mara!"

"Basi yako hapo. Tafuta pole pole. Niko kwa mkutano, nitakupigia."

Akakata. Nikaogopa, si kidogo.

Mama mdogo alikuwa jikoni akanisikia nikipiga kelele, akaja na unga mikononi. Alijua kusoma, ila kwa kufuata mstari kwa kidole. Kidole kikafika pale na kusimama. Kikaacha alama nyeupe ya unga juu ya kioo.

"Kwa hivyo Jumanne nilikuja kuongea na ukuta," akasema.

Nikaanza kueleza. Ningeelezaje? Nilisema imefutika. Akauliza ilifutika namna gani, nikasema sijui. Akauliza mbona majina ya upande wetu hayajafutika. Na ilikuwa kweli, mwanangu: mimi na ndugu zangu tulikuwa pale wote, na kazi zetu, safi kabisa. Hata mimi ningekuwa yeye ningeona ni njama. Nikamwambia nitaandika upya, anitajie tu.

"Nijitajie?" akasema. "Halafu Jumamosi mtu wenu asimame aseme ati nilikuja huku nikajiandikia mwenyewe? Hapana. Jumanne mama yako alikubali. Kama alikubali, akubali tena. Akikataa, mimi na watoto wangu tutamlilia mzee huko Cheptais, na nyinyi mzike na kompyuta yenu."

Alikuwa tayari anafungua leso aliyojifunga kiunoni akipika na kutafuta viatu vyake.

Nikapiga simu Kabuchai, nikaiweka kwenye spika juu ya meza. Nyuma ya mama zilisikika sauti za watu na mtu akipasua kuni. Nikamweleza. Hakuelewa neno lolote la kompyuta, na mimi mwenyewe sikuelewa nilichokuwa nikisema. Mwisho akanikatiza.

"Huyo mama ako karibu na wewe?"

"Ako hapa, anasikia."

"Basi andika. Simiyu, na bibi yake. Nanjala, na mzee yake, yule wa kuuza mbegu. Nafula, ako shule. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Barasa." Nyuma yake zile kuni zikaendelea kupasuliwa. "Barasa alizaliwa wakati wa palizi, watu wote wako shambani. Mimi ndiye nilishika huyo mtoto akitoka. Mama yake alikuwa mgeni kwetu, hakuwa na mtu."

"Hiyo pia niandike, mama?"

"Hiyo si ya kusomea watu. Hiyo namwambia huyo ako karibu na wewe, asidhani nilisahau."

Mama mdogo alikuwa amekwisha kuvaa kiatu kimoja. Akavua, akakaa kwenye kiti, akalia. Hakuwa amelia hivyo tangu baba afariki. Mama alibaki kwenye simu akimsikiliza, hakukata, na mimi nikaogopa hata kugusa kibodi.

Vijitabu vilitoka jioni ile ile. Safari hii niliuhifadhi wasifu mahali pangu mwenyewe, kwa jina nililochagua mwenyewe, nikauweka na kwenye flashi, na kabla ya kwenda kuchapisha nikaufunga na kuufungua tena kuhakikisha kwamba Barasa yumo. Jumamosi, jina lake liliposomwa, watu wengi hawakumjua ni nani. Wake wawili wa baba walikuwa wamekaa benchi moja, na walijua.

Lakini kabla ya hapo, tulipokuwa bado hatujaondoka Kitale kwenda mazishini, Mama mdogo aliniuliza kwa upole jambo moja tu. "Nekesa, hivyo vitu ulifuta, ulijua ni vya nani?"

"Sikujua, Mama mdogo."

"Sasa kama hukujua ni vya nani, ulijuaje ni takataka?"

Nikachukua kile kitambaa cha kufuma, nikaifunika mashine.

Wafula alinieleza baada ya mazishi. Alisema kitu ukikifungua ndani ya barua pepe, mashine hukitolea nakala na kuiweka kule kwenye faili za muda, ili uitazame tu. Sisi tulikuwa tunaandika juu ya ile nakala, na kila nilipohifadhi, ilikuwa inahifadhiwa humo humo. Zile zilizokataa kufutika zilikuwa za programu zilizokuwa wazi. Zile zilizorudi hazikurudi, ni mpya, mashine hutengeneza nyingine kila inapofanya kazi. Niliitikia kwa kichwa kama nimeelewa. Nusu niliielewa. Kwa nini mashine ikubali mtu aandike jioni nzima mahali pa kutupwa na isimwambie, hilo sijapata mtu wa kunieleza nikaridhika.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Faili za muda zifute, hakuna ubaya, mashine ikijaa hupumua kwa shida. Lakini usianze na kufuta. Anza na kutafuta kazi zako. Chochote ulichokipokea kwa barua au kwa simu na ukakiandikia, kihifadhi upya mahali pako, kwa jina lake, na nakala iwe nje ya hiyo mashine. Kisha funga kila kitu kilicho wazi, izime, iwashe. Halafu tumia chombo cha kusafishia kilichomo ndani ya kompyuta yenyewe, usiende na mikono yako kama mimi, na usome kila alama kabla ya kukubali, maana kuna mahali itakuuliza kama ufute na vile ulivyopakua, na humo ndimo watu hupotezea vyeti vyao na picha za watoto wao. Inayokataa kutoka, iache. Inayorudi, usiikasirikie. Vya mfumo wa mashine usiviguse kabisa. Vingine ukivifuta kwa mkono, vipitie kwenye pipa, vikae humo siku kadhaa, uone kama kuna mtu atakayeuliza viko wapi.

Na ukikuta kitu usichokielewa, sema hukielewi. Sema mapema, mbele ya watu, hata wakikucheka. Mimi nilijifanya najua, na nusura wajane wawili wazike mume mmoja kwenye makaburi mawili.

Nenda sasa kaiwashe. Mungu akulinde na haraka, ailinde kazi ya mikono yako, akupe macho ya kutambua kilicho chako na kilicho cha mwenzako. Na siku utakapopoteza kitu kisichoweza kurudishwa na mashine yoyote, akujalie mtu anayekikumbuka kwa kichwa, na moyo wa kukubali kukitaja.