Nef, TB na chupa ya mjomba: siku night school ilinilipa

Wakuu, salamu kutoka Eastlands. Haya yalitokea kweli. Chumvi kidogo nitaweka, mtaionja wenyewe.

Miaka ya tisini nilikuwa karani mchana, jioni niko night school Makadara nikifukuzia cheti. Nilisoma biology mpaka mbu wa lile darasa wangeweza kukaa mtihani.

Kaka yangu Musyoka, mchonga vinyago, alikuwa na HIV. Halafu TB ikamshika. Enzi hizo ARV tulizisikia kwa redio tu.

Vidonge vya TB alikuwa amefika nusu, vimemchosha. Mjomba akaja na dawa ya chupa kutoka Eastleigh, eti inaamsha askari wa mwili. Sharti: aachane na vidonge vya hospitali.

Kikao kikaitwa kwetu Donholm. Wote wakamuunga mkono mjomba. Musyoka tayari alikuwa amefungua chupa.

Nikasimama. Last born, hebu fikirieni.

Nikawauliza, mtaani mtu akipiga nduru ya mwizi tunafanyaje? Tunatoka mbio, milango tunaiacha wazi. Sasa, kama anayepiga nduru ndiye mwizi?

Hivyo ndivyo virusi hufanya. Vina protini zao, moja inaitwa Nef. Inachezea mitambo ya seli ya CD4, yaani askari wa mwili, mpaka ishtuke kama kuna vita. Na seli iliyoshtuka ndiyo virusi hupenda, humo huzaliana haraka.

TB nayo inapiga nduru yake. Askari hawapumziki, wanachoka, wanaisha.

Mama akaweka kikombe chini. "Kwa hivyo wewe unataka askari wa mwanangu walale?"

"Wapumzike, Mama. Vidonge vinanyamazisha nduru moja, ile ya TB. Hii chupa, kama inafanya inavyodai, inaongeza ya tatu."

Mjomba akasema night school imeniharibu kichwa. Musyoka akarudisha kifuniko cha chupa.

"Nileteeni maji nimeze vyangu."

Alimaliza dozi, TB ikaisha. Virusi vilibaki, siwadanganyi, lakini alijikokota mpaka ARV zikatufikia. Leo bado anachonga, na kazi yake ya pili ni kucheka upara wangu.

Biology nilipata D plus. Cheti kiko sebuleni, fremu yake inaishinda ya picha ya harusi.

Nilichojifunza: mgonjwa hamalizi dawa kwa kufokewa, anamaliza akielewa zinamfanyia nini.

Madaktari wa humu, palipopinda nyoosheni. Na nyinyi wengine, ni somo gani la darasani liliwahi kuokoa mtu wenu?