Sabaha aupima mlango wa basi kabla ya kuamini

Saa moja kasoro asubuhi, stendi ya Nachingwea. Sabaha Isihaka anatoa futi kamba mkobani na kuusogelea mlango wa basi la Ruangwa. Hajasalimia mtu. Anapima.

Fundi cherehani huyu wa miaka 46 anatumia kitimwendo tangu polio ilipompooza miguu utotoni. Kila Alhamisi huenda Ruangwa kuchukua vipimo vya sare za shule, kazi inayomwingizia kama Sh30,000 kwa safari. Humo hulipia na kiti chake, ambacho kondakta hukihesabu mzigo.

Kwa miaka tisa amekuwa akipanda kwa kubebwa. "Wanaume watatu wananishika kila mahali, kanga inapanda, watu wanatazama," anasema. "Nafika kwa wateja na hasira. Nimeshakosea vipimo kwa sababu hiyo."

Mwezi huu mwenye basi alitangaza kuwa gari lake lina mteremko wa chuma kwa abiria wenye ulemavu. Waandishi wakapiga picha. Sabaha hakuitwa, na mashaka yake yalianzia hapo.

Anachokonoa kiungo cha mteremko kwa ukucha. Zinatoka punje za ufuta.

"Magunia yameshapanda," anasema. "Mimi bado."

Kondakta Hemedy anacheka. "Mama Yasmini, wewe nawe huamini chochote! Panda tu."

Sabaha anasukuma magurudumu. Mteremko unampeleka vizuri hadi juu, kisha kiti kinagonga mlango pande zote mbili. Kiti kina upana wa sentimita 66, mlango 61. Kumbe alishajua, alitaka tu wenzake waone.

Eustakio, aliyeuchomelea mteremko huo, anaitwa kutoka karakana ya jirani. "Niliambiwa urefu wa kutoka chini mpaka mlangoni tu," anajitetea. "Kiti chenyewe ndiyo nakiona leo."

"Mimi sikati kitambaa sijampima mtu," Sabaha anamjibu. "Wewe ulimshonea nani?"

Eustakio anaomba futi.

"Pima na nafasi ya mikono yangu," mama huyo anamwelekeza. "Ndiyo inayosukuma magurudumu."

Kwa simu, mwenye basi anaahidi mlango utapanuliwa kabla ya Alhamisi ijayo. Sabaha hamwamini. Vipimo ameviandika kwenye daftari la wateja wake, na Eustakio ametia saini.

Leo anabebwa tena, macho ameyafumba. Inauma kumtazama.

"Alhamisi nakuja na futi yangu," anasema akiwa ameshakaa, akiweka kanga sawa. "Ninachotaka ni nipande, Hemedy asijue hata nimepanda saa ngapi. Aje tu kunidai nauli."